Udongo Unaonukia Mvua

1

Tofali la juu kabisa katika rundo la tatu lilikuwa limemegwa pembe, na mmego wenyewe haukuwa wa panya. Bwana afya Ambakisye Mwaisaka alivaa miwani, akaligeuza mara mbili mkononi. Panya huacha alama za meno. Hapa mtu alikuwa ametumia kisu, tena amekata kwa utulivu, kama anayekata sabuni ya mche.

Akaenda kwenye rundo la nne. Pembe zote za upande wa uzio hazikuwapo. Uzio wenyewe nao haukuwapo. Zilikuwa zimebaki nguzo nane za zege tu. Waya uling'olewa tangu Februari ukaenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kama kilivyong'olewa kila kitu cha chuma pale Itumbika tangu uchumi wa dunia uanguke.

Matofali yaliyorundikwa uwanjani yalipita elfu kumi na moja, na hakuna hata moja lililotakiwa kuwa pale. Mji wa Itumbika uliishi miaka thelathini kwa kuvunja betri kuukuu zilizoletwa kutoka pande zote za dunia, na katika miaka hiyo risasi, ile metali nzito ya ndani ya betri, ilizama ardhini ikafika kwenye maji. Dawa yake ilikuwa matofali haya. Yalifinyangwa kwa udongo uliochanganywa na vijidudu hai, vilivyokuzwa maabara ili vinyonye risasi majini na kuifungia mwilini mwao. Tofali jipya lilikuwa la kijivu kama majivu, gumu. Liliteremshwa kisimani ndani ya wavu, likakaa siku tisini, na lilipotolewa lilikuwa jeupe, laini, limeshiba sumu. Hapo lilipakiwa kwenye lori, kisha kwenye meli, hadi kwenye tanuru moja kubwa huko nchi za kaskazini, ambako risasi ilichujwa ikauzwa tena na udongo ukayeyushwa kuwa kioo.

Mpango huo ulikwenda miaka sita bila kukosea. Halafu watu wa kaskazini wakaacha kununua magari, bei ya risasi ikaporomoka, na tanuru likazimwa. Matofali mapya yaliendelea kufika, kwa sababu yalikuwa yametengenezwa ya kutosha miaka miwili mbele. Yaliyoshiba hayakuwa na pa kwenda.

Ambakisye alilinusa tofali lile. Hakuhitaji kulinusa; harufu yake aliijua kama anavyoijua harufu ya nyumba yake. Vijidudu vile, vikishiba, vilitoa harufu ileile ya ardhi kavu inapopigwa na mvua ya kwanza.

Alilirudisha juu ya rundo, akafunga ofisi, akashika njia ya sokoni.

Sekela, muuza tangawizi, alimwona kabla hajafika.

"Shikamoo Bwana afya. Leo unakagua au unanunua?"

"Marahaba. Naangalia tu."

"Kuangalia ni bure, ila macho yako yamekaa kiukaguzi."

Katika sinia lake, pembeni mwa tangawizi na pilipili, palikuwa na vijiti vya udongo, ule ambao wajawazito huutafuna. Upande mmoja vilikuwa vya kahawia, vya kichuguu, vya siku zote. Upande mwingine vilikuwa vyeupe. Mwanamke mwenye ujauzito mkubwa alikuwa ameinama, anavichagua vyeupe kimoja kimoja na kuvinusa, na vya kahawia hakuvigusa.

Ambakisye alisubiri mama yule aondoke.

"Huu mweupe umeutoa wapi?"

"Bwana afya, unauliza baba wa mtoto, na mtoto pua ni yako?" Sekela akacheka. "Ni wa uwanjani kwako. Umerundikwa, unanyeshewa, hakuna anayeutaka. Mimi nimeukata, nimeukausha, wanawake wanausifu. Una harufu ya mvua, halafu kwa mbali una utamu."

"Ule ni uchafu, Sekela. Ule umeshiba sumu ya kisima."

"Sasa hapo ndipo unaponichanganya. Kitu kinasafisha kisima cha futi sitini, kitashindwa kusafisha tumbo la mwanamke mmoja? Na mbona wewe mwenyewe uliula? Siku ya uzinduzi, uwanja wa shule. Ulimega, ukatafuna, ukameza, ukafungua mdomo tuone. Mimi nilikuwa mstari wa mbele."

Hilo lilikuwa kweli, na picha yake ilikuwa imetundikwa ofisini. Miaka sita iliyopita watu walikataa matofali yasitiwe visimani; uvumi ulienea kwamba yanafunga vizazi. Wataalamu wa mkoani walikuja na michoro, watu wakawatazama tu. Ndipo Ambakisye akapanda jukwaani, akamega tofali na kulitafuna mbele ya umati. Wakapiga makofi. Jioni ile ile visima vikafunguliwa. Katika maisha yake ya kazi hakuna siku aliyojivunia kama hiyo.

"Lile lilikuwa jipya," alisema.

"Na hili limeiva. Kibichi ndicho kinachouma tumbo, Bwana afya. Kilichoiva hakina neno."

Katika semina zote alizohudhuria hakuna aliyewahi kufikiria fikra hii, na ilikuwa fikra nyoofu kabisa.

"Umewauzia wangapi?"

"Kila mwenye tumbo hapa mjini. Arobaini hivi, na mmoja." Sekela alipanga upya tangawizi zake. "Hata Mwalimu Tusekile. Kwani hajakuambia?"

2

Alimkuta binti yake barazani anasahihisha madaftari, miguu ameiweka juu ya kigoda kwa sababu ilikuwa imevimba. Mume wake alikuwa amevuka mpaka kwenda Zambia kutafuta kazi tangu kiwanda cha betri kifungwe, na yeye akarudi kwa baba yake kusubiri uzazi. Ujauzito ulikuwa na miezi sita. Taya lake lilikuwa linacheza taratibu.

"Tuse, una nini mdomoni?"

"Udongo, baba. Usianze. Hata mama alikula nikiwa tumboni, ulinisimulia mwenyewe."

"Fungua mdomo."

Alifungua huku akicheka, kama alivyofanya utotoni. Kwenye ufizi, juu ya meno ya mbele, ulipita mstari mwembamba wa rangi ya wino. Ambakisye aliwahi kuuona mstari huo kwa wavunja betri waliokaa kazini miaka kumi. Alitoa kibano cha kupimia damu kwenye mkoba wake, akambana kidole, akangoja.

"Baba, ukinyamaza hivyo unanitisha. Nambari gani?"

"Sitini na moja."

"Nzuri au mbaya?"

"Ingekuwa mtihani wa hesabu ungeweza kujivunia."

Tusekile aliacha kutafuna. Akautema udongo kiganjani, akautazama.

Kitabu cha mafunzo cha Ambakisye, alichokisoma hadi jalada likaachana na kurasa, kilisema kwamba anayezidi arobaini na tano apewe dawa ya kutoa risasi mwilini bila kuchelewa. Kilisema pia jambo ambalo sasa aliulizwa.

"Na mtoto?"

"Inapita." Alikaa kwenye ngazi, mgongo akampa kidogo ili asimtazame. "Mwili unaidhania ni ile chokaa inayojenga mifupa. Mama akiwa mjamzito, mwili wake unachukua chokaa unampa mtoto. Unampa na hii, ukidhani unamfanyia wema."

"Dawa ipo?"

"Ipo."

"Sasa mbona unakaa chini?"

3

Kila Jumatano alasiri vituo vya matofali vilizungumza na tanuru kwa njia ya kioo cha mawasiliano. Mwanamke aliyetokea kwenye kioo aliitwa Ragna, na kwa miaka sita yeye ndiye aliyepokea matofali ya Itumbika. Chombo cha kutafsiri kilifundishwa Kiswahili na watu wa Unguja, hivyo Ragna, mzaliwa wa nchi ya theluji, alizungumza na Ambakisye kwa lafudhi ya Mji Mkongwe.

"Karibu bwana wangu, u hali gani na watu wako?"

"Tupo. Tanuru?"

"Baridi tupu. Mimi nimebaki mlinzi wa chimni." Aligeuza kioo chake dirishani. "Lakini hebu tazama."

Kulikuwa na mto, na watu wameketi kingoni na fimbo za kuvulia. Mbingu ilikuwa ya buluu isiyo na doa. Ragna alisema samaki wamerudi, aina ambayo hata babu yake aliisikia tu. Alisema miji mikubwa ya viwanda huko mashariki ya mbali imeanza kuona milima iliyo jirani nayo, na watoto wanaichora shuleni. Hospitali za vifua zimefunga wodi. Alisema haya kwa aibu kidogo, kama mtu aliyealikwa karamu siku ya msiba wa jirani.

"Na kwenu, bwana wangu? Kiwanda si kimefungwa nacho?"

"Kimefungwa. Kilikuwa na chimni ndefu na vichujio, na wafanyakazi walivaa barakoa. Sasa kila mtu anavunjia betri nyumbani. Juzi nimekuta mama anaziyeyushia kwenye jiko analopikia ugali. Gesi imeadimika, miti ya mlima wote imekwenda kwenye mkaa."

Ragna alikigeuza kioo chake kikaacha kuonyesha mto.

"Anguko ni lile lile moja," alisema.

"Ni lile lile. Nina swali. Tuseme tofali limeingia mdomoni mwa mtu."

Kule kwenye kioo Ragna alinyoosha mkono akazima taa ndogo nyekundu ya kurekodi. Akasema kwamba sasa wanazungumza wawili. Halafu akaeleza, polepole, na sauti ile ya Unguja ikayafanya maneno yawe ya upole kuliko yalivyostahili. Taarifa ikiandikwa, dawa itatoka kwenye ghala la Mkataba, ule ulioanzisha mpango wa matofali, na kufika Itumbika kwa ndege isiyo na rubani baada ya siku mbili. Bila taarifa ghala halifunguki, si kwa ombi lake wala la mtu yeyote. Lakini taarifa ile ile itaamsha Kifungu cha Tisa cha Mkataba huo: kituo ambacho matofali yake yameliwa kitatoa matofali yote visimani ndani ya siku tatu, na hakitarudishiwa mpaka wakaguzi wafike na kuridhika.

"Wakaguzi watafika lini?"

"Waliachishwa kazi mwezi wa nne."

"Wote?"

"Kifungu kiliandikwa miaka ya neema, Bwana Ambakisye. Palikuwa na wakaguzi, palikuwa na maji ya chupa ya kugawa wakati wa kusubiri. Waliokiandika walikuwa na nia njema."

Visima kumi na viwili. Watu elfu kumi na tisa. Ambakisye alifunga kioo akabaki amekitazama kile kioo chenyewe, ambacho sasa kilimwonyesha mzee mwenye miwani.

4

Kwa siku mbili yeye na Sekela walizunguka nyumba kwa nyumba. Sekela alijua wateja wake wote na mlango wa kila mmoja. Hakutania tena. Kila walipoingia yeye ndiye aliyetangulia kusema, "Nilikuuzia kitu kibaya, mwenzangu, mpe Bwana afya kidole," na aliposhindwa kuendelea Ambakisye alimalizia. Thelathini na tano. Hamsini na mbili. Arobaini na nane. Themanini na moja, binti wa miaka kumi na tisa aitwaye Atupele, ambaye mikono ilikuwa imeanza kutetemeka na aliona aibu kumpa kidole.

Walipomaliza, Ambakisye alirudi kwa Tusekile, akamweleza yote kama alivyoelezwa. Hakuficha kitu. Alikuwa amemsomesha ili aweze kuelezwa mambo.

Tusekile alisikiliza hadi mwisho, kisha akayavuta madaftari karibu yake.

"Darasani kwangu wako sabini na wanne," alisema. "Ndio wa kwanza waliolelewa na maji ya matofali. Baba, wanasoma. Nilipoanza kazi nilifundisha darasa zima herufi tano kwa muhula, wakazisahau likizo. Nilidhani mimi ndiye mwalimu mbaya, kumbe ilikuwa risasi vichwani mwao."

"Kwa hiyo nisiandike."

"Sijasema hivyo."

"Unasemaje, basi?"

"Usiniulize. Ukimuuliza mwalimu atakwambia moja, ukimuuliza huyu mwenye tumbo atakwambia lingine, na wote wamekaa kwenye kiti kimoja." Alijaribu kutabasamu. "Wewe ndiye bwana afya."

Ambakisye alitembea hadi uwanjani, akakaa kati ya marundo. Alifikiri kama alivyofundishwa kufikiri, kwa kupima hili na lile. Sumu ya majini ni ya polepole. Huchukua miaka kumharibu mtu. Ndani ya miaka uchumi unaweza kusimama tena, malori yakarudi, wakaguzi wakaajiriwa, matofali yakateremshwa upya. Lakini wanawake arobaini na mmoja hawana miaka. Wana wiki. Aliyeweza kungoja angoje, asiyeweza kungoja aokolewe kwanza. Aliirudia hoja hiyo mara tatu akitafuta tundu. Alijua pia kwamba analitafuta kwa macho ya baba, na kwamba hakuna njia ya kujua kama angefika mahali hapo hapo iwapo jina la thelathini na nane kwenye orodha lingekuwa la mtoto wa mwingine. Kulikuwa na kitu kingine tena: ni yeye aliyelitafuna tofali mbele ya watu. Kunyamaza kungekuwa kulitafuna mara ya pili.

Akaingia ofisini akaandika. Majina arobaini na moja, nambari arobaini na moja. Mahali palipoandikwa "Chanzo" aliandika jina lake mwenyewe, na mashine ikalikataa kwa sababu ilihitaji jina la kitu. Akaandika "tofali".

5

Amri ya Kifungu cha Tisa ilifika baada ya dakika nne. Jibu la dawa lilifika kesho yake asubuhi. Lilikuwa na majina mawili: Atupele na mwanamke mmoja wa karibu na stendi. Mbele ya majina thelathini na tisa yaliyobaki paliandikwa neno moja, "salama".

Ambakisye alidhani ni kosa la mashine. Alimwita Ragna, na safari hii hakungoja salamu.

"Binti yangu ana sitini na moja. Kiwango ni arobaini na tano."

"Kilikuwa arobaini na tano." Ragna alikuwa na karatasi mbele yake, na macho yake yalibaki kwenye karatasi hiyo. "Viwango hupangwa kwa kanda, kwa kuangalia uwezo wa kanda kutibu. Uwezo ukishuka, kiwango hupanda. Kanda yenu sasa ni sabini. Waraka ulitoka siku kumi na mbili zilizopita."

Nyaraka. Tangu anguko zilikuwa zikija themanini kwa wiki, na karani aliyekuwa akizisoma aliachishwa.

"Damu yake haijabadilika," alisema Ambakisye.

"La, bwana wangu. Haijabadilika."

"Huko kwenu kiwango ni ngapi?"

Chombo cha kutafsiri kilingoja, kwa kuwa Ragna hakusema kitu cha kutafsiriwa. Hatimaye akasema, "Tano." Halafu akasema kwamba amejaribu, amewapigia watu wawili jana yake, mmoja hayupo tena kazini na mwingine amesema taarifa ikishaandikwa haifutiki. Amri ya visima inabaki.

"Kwa hiyo nimeandika bure."

"Wawili watapata dawa."

"Wawili," alisema Ambakisye, akafunga kioo bila kuaga. Hakuwahi kufanya hivyo katika maisha yake.

6

Siku ya tatu alitoa matofali kwenye visima vyote kumi na viwili. Hakumtuma mtu. Alivuta nyavu kwa mikono yake, na Sekela akamsaidia kuzibeba hadi kwenye mkokoteni. Kwenye kila kisima alitundika bango aliloliandika kwa herufi kubwa na safi: MAJI HAYA SI SALAMA. Watu walisimama kumtazama. Mmoja aliuliza maji salama yako wapi. Ambakisye alimjibu kweli, kwamba hayapo, na mtu yule akaitikia kwa kichwa kama aliyetajiwa saa.

Kisima cha mwisho kilikuwa kile cha shule. Alipomaliza kupigilia bango, foleni ilikuwa imeshajipanga nyuma yake, na akasogea pembeni kwa sababu alikuwa amewazibia njia. Mama wa kwanza alilisoma bango, akasoma tena, akateremsha ndoo. Maji yalipanda angavu, baridi, kama ya jana. Akajaza dumu lake, akasema, "Asante, Bwana afya, kwa kutuambia," bila kejeli yoyote, akajitwisha akaenda.

Wa sita katika foleni alikuwa Tusekile, na ndoo ya darasa lake. Miguu ilikuwa imevimba zaidi. Alimwamkia baba yake, naye akaitika. Nyuma yake watoto walikuwa wameshaanza kusoma bango kwa sauti, silabi kwa silabi, wakalimaliza bila kukosea, wakamtazama mwalimu wao wapate sifa.

"Vizuri sana," Tusekile aliwaambia.

Akainama kushika kamba. Ambakisye akamtangulia. Mjamzito wa miezi sita hatakiwi kuvuta kitu kizito. Hilo alikuwa akilifundisha kliniki kila Jumanne kwa miaka ishirini na sita. Akamwambia asogee kando, akakaza miguu yake ya kizee kwenye ukingo wa kisima, akamvutia ndoo ikapanda imejaa, akammiminia.